"La mninga ndiyo asili": dhana zinazonichosha kuhusu bao la safari

Wiki hii pekee nimeambiwa mara nne: "Fundi, mimi nichongee la mninga, hilo ndiyo asili." Anayesema hivyo ameshika bao la safari, ubao wa kukunja wa kuchezea bao, ninaloanza kuliuza mwezi ujao hapa Mwanza. Anasoma ubavuni kwamba ni rafiki wa mazingira, anaigonga mbao kwa kidole, kisha analirudisha mezani kwa kuwa si jekundu kama mninga. Nimeeleza kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naandika.

Dhana: Mbao nzito ya msituni ni ya asili, kwa hiyo haiharibu mazingira.

Mninga unaoupenda hakuupanda mtu. Umeota wenyewe kwenye misitu ya miombo, na hukua taratibu mno: mti wa kupasua mbao nzuri huhitaji miongo mingi, wakati mwingine karibu miaka mia. Uliokatwa mwaka huu huenda uliota kabla babu yangu hajaoa. Mpingo ndiyo usiseme. Tangu 2017 uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa, halafu mtu ananiomba nimchongee bao la mpingo la kupanda nalo ndege!

Mimi natumia mgrivea. Wakulima wa Kagera wanaupanda wenyewe katikati ya kahawa na migomba, na ndani ya miaka 15 hadi 20 unapasua mbao, mwingine unakua pale pale. Ukiupiga randa unatoa rangi ya chai ya maziwa, na ukiuelekeza kwenye mwanga unaona madoa yanayong'aa kama magamba ya samaki. Ukiukosa, kuna msonobari wa mashamba ya miti ya Rubya kule Ukerewe, au Buhindi. Na popote unaponunua mbao, muulize muuzaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Akianza kuzungukazunguka, ondoka. Hilo nalisisitiza kwa kila mteja, hata anayenunua kitanda.

Hapo mteja hujibu kwamba mgrivea hupasuka. Hupasuka ukiuchonga mbichi. Bao langu la kwanza la kukunja lilikwenda Dodoma, kwenye hewa kavu kuliko hii yetu ya ziwani, likapasuka ufa uliopita katikati ya nyumba, lile shimo kuu la mchezaji. Kosa halikuwa la mti, lilikuwa la haraka yangu. Siku hizi kila kipande nakipima kwenye mzani wa jikoni kila wiki, nakiandika uzito kwa penseli mgongoni. Wiki tatu mfululizo uzito usipopungua, ndipo nashika patasi. Vipo vipande mezani kwangu vimeandikwa uzito mara kumi na moja, na bado sijavigusa.

Dhana: Bila vanishi litaoza.

Kuvu wa kuozesha mbao wanataka unyevu. Mbao yenye maji chini ya asilimia 20 hawaiwezi, na bao linalokaa ndani ya begi ni kavu kuliko hapo. Napaka nta ya nyuki. Ikichakaa unapaka tena mwenyewe kwa kitambaa. Vanishi ikibanduka kwenye bawaba, itabidi ukwangue bao zima.

Dhana: La safari lipunguzwe mashimo, mtu alibebe kirahisi.

Hapana, hili sikubali. Bao la kiswahili ni mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 za kunamua, yaani za mkononi anazoingiza ubaoni moja moja. Ondoa safu za nyuma, na huo si mchezo tena. Hakuna pa kuzungushia kete. Ninachopunguza ni upana wa shimo, siyo idadi. Likikunjwa linakuwa mraba wa sentimita 20, na kete zinalala humo humo ndani ya mashimo yanayotazamana.

Kina cha shimo ndicho sipunguzi tena. Sampuli ya kwanza niliijaribu kwenye meli ya kwenda Nansio nikicheza na mzee mmoja wa Ukerewe. Wimbi likapiga, kete mbili zikahama kutoka kichwani kwake, shimo la mwisho la safu ya mbele, kwenda shimo la jirani. "Kijana, hizo ni zangu," akasema, na mkono wake ukabaki juu ya ubao mpaka tulipotia nanga. Shikamoo yangu ya kuagana aliipokea, lakini mchezo hatukuumaliza.

Dhana: Ukinunua mfuko wa kubebea bao uliosukwa kwa gugu maji, unasaidia kulimaliza gugu hilo ziwani.

Kumbuka bua la gugu maji ni maji zaidi ya asilimia 90. Rundo zima ufukweni, likikauka, linatoa mifuko michache, na gugu lenyewe likipata joto na rutuba huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Linalishwa na maji machafu na mbolea tunayoiachia ziwani. Mfuko nauuza kwa sababu ni imara na unawapa kazi kina mama wanaousuka. Uanike vizuri ukilowa, la sivyo unashika ukungu.

Dhana: Kete za komwe ni za asili, kwa hiyo mpakani hazina shida.

Komwe ni mbegu. Ukisafiri kwenda Australia, kwa mfano, sharti uwaeleze maofisa wa mpakani kuwa una mbegu na vitu vya mbao unapoingia. Kwa wasafiri wa huko naweka kete za kioo kilichotumika, 64 zile zile, na bei haibadiliki.