Maana ya mwingiliano wa jeni na mazingira

Wengi hudhani mwingiliano wa jeni na mazingira ni ugonjwa kusababishwa na vyote viwili. Sivyo, kwani magonjwa mengi husababishwa na vyote viwili hata pasipo mwingiliano. Mwingiliano upo pale nguvu ya kimoja inapobadilika kwa sababu kingine nacho kipo.

Mwaka 1994 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walichunguza damu kuganda ndani ya mishipa kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49. Baadhi walikuwa wamerithi badiliko la jeni liitwalo Faktori V Leiden, kwa jina la mji huohuo. Baadhi walikuwa wakimeza vidonge vya uzazi wa mpango. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliougua bila jeni hiyo wala vidonge walikuwa 0.8, yaani hata mmoja hafiki. Wa vidonge tu, 3.0. Wa jeni tu, 5.7. Wenye vyote viwili, 28.5.

Shika kalamu. Vidonge viliongeza 2.2 na jeni 4.9. Kama kila kimoja kingefanya kazi kivyake, wenye vyote wangekuwa 0.8 + 2.2 + 4.9, sawa na 7.9. Hiyo 20.6 iliyozidi haielezwi na jeni peke yake wala vidonge peke yake.

Ila badala ya kujumlisha, jaribu kuzidisha. Vidonge vilikuza hatari mara 3.75, jeni mara 7 na kitu; ukizidisha pamoja na ile 0.8 ya mwanzo unapata kama 21. Sehemu kubwa ya pengo imeyeyuka! Takwimu ni zilezile. Kwa hiyo ukisoma kwamba "mwingiliano haukuonekana", uliza kwanza walijumlisha au walizidisha. Regresheni ya logistiki, mbinu ya takwimu inayotumika sana kwenye tafiti za aina hii, huzidisha bila kukuuliza: unaipa safu ya jeni, safu ya mazingira na safu ya tatu ambayo ni hizo mbili zikizidishwa, kisha unapima hiyo ya tatu. Kwa daktari anayeandikia mtu vidonge, naona kujumlisha kunamfaa zaidi, maana kunamwambia wataongezeka wagonjwa wangapi.

Kikwazo kikubwa cha kupima mwingiliano ni uchache wa watu wenye vyote viwili. Utafiti wa Leiden ulikuwa na wagonjwa 155, na 25 kati yao walikuwa na jeni na vidonge pamoja. Kati ya wanawake 169 wasiougua waliolinganishwa nao, wa namna hiyo walikuwa wawili tu.