Kwa nini meno bandia ya chini hucheza

Wazee waliotengenezewa meno bandia ya kinywa kizima hutuletea kliniki lalamiko moja kuliko mengine yote: ya juu yametulia, ya chini yanacheza. Wengi humshuku aliyechukua vipimo. Pengine ni kweli alikosea, lakini mara nyingi chanzo ni taya lenyewe.

Jino likishang'olewa, mfupa uliolishika huanza kusinyaa. Kasi huwa kubwa zaidi mwaka wa kwanza, kisha mfupa huendelea kupungua polepole maisha yote, na taya la chini hupungua takriban mara 4 ya lile la juu. Tena, meno ya juu hukaa kwenye kaakaa pana, na mate huyagandisha hapo kama vioo viwili vilivyolowana. Chini hakuna kaakaa. Kuna ulimi, nao hautulii.

Ndiyo maana meno yaliyokukaa vizuri miaka michache iliyopita leo yanalegea, ingawa yenyewe hayajabadilika. Usiyapige msasa nyumbani (wapo wanaofanya hivyo!) wala usiyajazie pamba. Yarudishe kwa daktari ayaongezee tabaka jipya upande unaogusa fizi, au akutengenezee mengine. Baada ya miaka 5 hadi 10 mengi huhitaji kubadilishwa.

Anayeanza kuyavaa ajipe wiki kadhaa. Kata chakula vipande vidogo, tafuna pande zote mbili kwa pamoja, na mahindi ya kuchoma usiyang'ate kwa meno ya mbele, kwani ukifanya hivyo meno hunyanyuka kwa nyuma. Matamshi yakikusumbua, soma gazeti kwa sauti. Nguvu ya kutafuna haitafikia ile ya meno ya asili. Anayekuahidi kwamba itafikia anataka fedha yako tu.

Usiku yavue. Wanaolala nayo hushambuliwa na fangasi, kaakaa likawa jekundu, mara nyingi bila maumivu yoyote. Yasugue kwa mswaki laini na sabuni, si dawa ya meno, kwa kuwa hiyo huyakwaruza, kisha yalaze kwenye maji ya kawaida. Maji ya moto huyapinda.

Yakikuchubua, daktari atapunguza sehemu inayogusa na kidonda kitapona ndani ya siku chache. Kikivuka wiki 2, kichunguzwe kama ni saratani, hasa kwa mvuta sigara au mla tambuu. Hata asiye na jino lolote anapaswa kukaguliwa kinywa kila mwaka.