Mama anasikia baridi mchana wa jua: maswali baada ya kubadilishwa goti au nyonga

Mwezi wa saba, wingu likiukalia mlima siku tatu mfululizo, Moshi nzima inalalamika baridi, na Arusha, ambayo iko juu zaidi, ndiyo usiseme. Hao siwaandikii leo. Namwandikia yule anayekaa kibarazani saa saba mchana, jua linachoma, na yeye amevaa sweta, kofia ya sufu, kitenge kiunoni na shuka la Kimasai magotini, halafu anawauliza wanawe kwa nini wameacha mlango wazi. Wiki tatu zilizopita alibadilishwa goti.

Mimi ni muuguzi, na maswali haya huwa naulizwa mlangoni wakati watu wanakuja kutolewa nyuzi. Nimeyaandika karibu kama yanavyoulizwa.

Sista, shikamoo. Mama ana miaka 68, tuko Kibosho, huku mlimani. Tangu arudi hospitali anasikia baridi muda wote. Ni kawaida?

Marahaba. Kabla sijakujibu, mmempima joto? Simaanishi kumshika paji la uso kwa kiganja. Nauliza kipimajoto. Katika familia kumi zinazonijia na swali hili, nyingi hazijapima, lakini tayari zimeshanunua dawa.

Kuna baridi za aina mbili na zinachanganywa kila siku. Ya kwanza ni mwili kukosa joto: mgonjwa anajikunyata, vidole vya mikono ni baridi, ukimfunika na kumpa uji wa moto anatulia. Joto lake ni 36 na kitu. Hii huwapata wengi baada ya upasuaji mkubwa, na inaweza kukaa wiki kadhaa. Ya pili ni baridi ya homa: inakuja kwa kishindo, meno yanagongana, kitanda kinatikisika, unarundika mablanketi na hayasaidii, halafu baada ya muda anatoka jasho. Hapo kipimajoto kitasoma 38 au zaidi. Ya kwanza tunaishughulikia nyumbani na kliniki. Ya pili mnampeleka hospitali siku hiyohiyo.

Kipimajoto cha kidijitali kinapatikana duka la dawa lolote mjini. Futa kwapa liwe kavu, kiweke katikati, mkono ubane, subiri kilie. Kwapa husoma chini kidogo kuliko mdomo, kwa hiyo 37.5 ya kwapa tayari ichukulie kuwa homa, rudia baada ya nusu saa. Na jambo linalosahaulika: pima kabla ya kumpa dawa ya maumivu. Paracetamol hushusha homa, kwa hiyo anayeimeza kila baada ya saa sita anaweza kuwa na maambukizi na kipimo kikasoma vizuri. Andikeni kwenye daftari, asubuhi na jioni. Daktari akiliona daftari hilo atawauliza maswali machache sana.

Hiyo baridi isiyo na homa inatoka wapi?

Inaanzia chumba cha upasuaji. Wengi huchomwa ganzi ya mgongoni. Ganzi hiyo hulegeza mishipa ya damu ya miguu, joto la ndani linakimbilia kwenye ngozi na kupotea, na mwili uliozoea kujikinga kwa kubana mishipa na kutetemeka unakuwa umefungwa mikono. Chumba chenyewe kina ubaridi, na dripu inaingia. Ndiyo maana wengi huamka wakitetemeka, hata waliopewa nusu kaputi. Hiyo huisha ndani ya saa chache.

Inayoendelea nyumbani ina sababu nyingine, na kubwa ni damu. Kubadilisha goti au nyonga humwaga damu, na nyingine inavujia ndani ya nyama bila kuonekana. Ule wekundu na weusi unaoshuka mpaka kifundo cha mguu ni damu hiyo. Wingi wa damu kwa mwanamke unatakiwa usipungue 12, kwa mwanaume 13. Mtu aliyeingia na 12 anaweza kutoka na 9. Damu ndiyo inayobeba hewa safi ya kuchomea chakula kitoe joto. Ikipungua, mwili unaikusanya kwenye moyo na ubongo, na vidole vinabaki baridi. Kama pamoja na baridi mama anachoka akitembea mpaka chooni, moyo unamwenda mbio, kope za ndani zimepauka, mpelekeni akapimwe wingi wa damu. Kipimo chenyewe ni kidogo tu. Kuirudisha ndiko kunachukua muda: wiki sita, nane, wakati mwingine zaidi.

Halafu kuna misuli. Misuli inayofanya kazi ndiyo jiko la mwili, na mama aliyekuwa anapanda kwenda migombani na kushuka na ndoo sasa anakaa kiti kimoja kutwa. Ongeza kwamba hali vizuri, kwa sababu dawa kali za maumivu zinamtia kichefuchefu. Jiko halina kuni.

Alipewa vidonge vya kuongeza damu, anakunywa kila siku, lakini damu haipandi.

Anavimeza na nini? Najua jibu: na chai ya maziwa, kwa sababu kila kitu kwetu kinamezwa na chai ya maziwa. Chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na maziwa pia yanapunguza. Ameze na maji au na chungwa, chai ije baada ya saa moja au mbili. Chakula chenu wenyewe kinatosha kumsaidia: maini, dagaa, maharage, mnafu, mtori wenye nyama ya kutosha na si ndizi tupu. Kwa wanaokula, kisusio, ile supu ya damu, nacho kina chuma kingi, mradi kiive sawasawa.

Choo kitakuwa cheusi. Ni vidonge, msishtuke. Lakini choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya ni kutokwa damu tumboni, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hicho ni cha kukimbilia hospitali.

Kwani hizo dawa za kuzuia kuganda si ndizo zinaifanya damu iwe maji, ndiyo maana anasikia baridi?

Hapana. Damu inabaki nzito vilevile, kinachocheleweshwa ni kuganda tu. Watu wengi huziacha kwa sababu ya maneno haya, na donge la damu likipanda mapafuni linaua. Asiziache mpaka siku aliyoambiwa.

Mzee mmoja alituambia ni chuma kilichowekwa, kinavuta baridi ya mlima.

Nalipenda swali hili kwa sababu lina mantiki. Jembe likilala nje usiku, asubuhi huwezi kulishika. Lakini goti la bandia halilali nje. Ni aloi ya kobalti na kromiamu, au titaniamu, na katikati kuna plastiki ngumu. Vyote vimefunikwa na nyama yenye joto, na vyenyewe viko kwenye joto hilohilo. Haviwezi kupooza mwili mzima. Wapo wanaosema kiungo kinakaza siku za baridi, nawaamini, wengi walikuwa hivyo hata kabla ya upasuaji. Kukaza ni jambo jingine.

Kwa kweli mara nyingi ni kinyume: mwili unasikia baridi, goti lenyewe ni la moto ukilishika. Goti lililofanyiwa upasuaji hubaki na joto miezi mitatu hadi sita, wengine zaidi, kwa sababu linapona. Linalotakiwa ni joto hilo lipungue wiki hadi wiki. Likiongezeka, wekundu ukasambaa, kidonda kikaanza kutoa maji au usaha, na maumivu yakazidi badala ya kupungua, hayo ni maambukizi mpaka daktari aseme vinginevyo. Wazee wengine hawapandishi homa hata wakiwa na maambukizi. Wanakataa chakula na kuanza kuongea visivyoeleweka.

Alitetemeka jana usiku. Tukampa dawa mseto ya malaria. Tumekosea?

Mmekosea kutopima. Malaria ipo, hasa tambarare, Mabogini kwenye mashamba ya mpunga na kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, na mgonjwa wa Kibosho anaweza kuwa amelala mjini kwa ndugu akisubiri kliniki. Kipimo cha haraka kinatoa majibu ndani ya dakika kama 20, kapimeni. Lakini kikionyesha hakuna, msiishie hapo na msirudi nyumbani mkishukuru. Mwambieni daktari, neno la kwanza kabisa: huyu ana goti jipya. Mkojo uchunguzwe pia, maana wengi waliwekewa mpira wa mkojo, na kifua kisikilizwe.

Tena nawaomba msimpe vidonge vya amoksilini vilivyobaki kwa jirani. Wadudu wakiwa ndani ya kiungo bandia, dawa hiyo haitawamaliza, lakini inaweza kuwaficha daktari anapovuta maji ya goti kuyapima. Kinachofuata ni kuchelewa, na kuchelewa huko kunaweza kumrudisha mezani.

Kama ana kisukari na anachoma insulini, kutetemeka na jasho baridi kunaweza kuwa sukari imeshuka, hasa siku asiyokula. Pimeni sukari palepale. Kama hakuna kipimo na bado anaweza kumeza, mpeni maji ya sukari kwanza, maswali baadaye.

Tunaweza kumwekea jiko la mkaa chumbani usiku?

Hapana, hata mlango ukiachwa kidogo wazi. Gesi ya mkaa haina harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia ya familia iliyolala isiamke. Mgonjwa aliyekunywa dawa zinazomlaza hatajua hata kinachotokea.

Chupa ya maji ya moto ikae miguuni pa kitanda, imefungwa taulo, mbali na goti. Ngozi ya upande wa nje wa kovu huwa na ganzi kwa miezi. Anaweza kuungua na asisikie. Kukanda kwa maji ya moto, kama tunavyokanda mzazi, tuache mpaka kidonda kifunge na daktari akubali. Kuchua shavu la mguu kwa nguvu pia tuache, huenda kuna donge la damu humo. Mfunikeni kwa nguo nyepesi mbili tatu badala ya blanketi moja zito, soksi zisizoteleza, na shuka lisiburute sakafuni: ukingo wa shuka ukinasa kwenye mkongojo ataanguka. Atembee ndani ya nyumba kila saa anapokuwa macho. Na akiwekewa barafu kwenye goti kama mtu wa mazoezi alivyoelekeza, iwe dakika 15 hadi 20, barafu ndani ya kitambaa, na sehemu nyingine yote ya mwili imefunikwa.

Baridi iko mguu mmoja tu, ule uliofanyiwa.

Linganisheni nyayo mbili kwa mkono mmoja. Ubaridi kidogo kwenye mguu uliovimba huonekana. Ila unyayo baridi uliopauka au kuwa wa bluu, wenye ganzi mpya au maumivu makali, msisubiri asubuhi, damu huenda haifiki. Shavu la mguu lililovimba na kuuma, au kubanwa pumzi ghafla, vilevile.

Miezi minne imepita, damu ni 13, anakula, anatembea mpaka kanisani. Bado anavaa kofia ya sufu.

Apimwe tezi ya shingo, hasa kama ananenepa, anakosa choo na sauti imekuwa nzito. Tezi ikilegea mtu husikia baridi hata Dar es Salaam, na pengine alikuwa nayo kabla hata ya goti. Dawa yake ni kidonge cha kila asubuhi.

Babu anasema apewe mbege kidogo, inapasha mwili.

Inapasha ngozi. Pombe hufungua mishipa ya juu, anasikia joto usoni, na joto lenyewe ndilo linatoka nje hivyo. Kisha anasimama kwenda chooni akiwa na mkongojo mmoja, dawa kali ya maumivu, tramado, tumboni na kata ya mbege. Mwambieni babu amwekee ya siku atakayoruhusiwa kuacha dawa. Kwa sasa uji wa ulezi.