Shule mpya ya msingi mtaani: kabla ya tofali, majina ya watoto

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 363,452 wilayani Nyamagana na 343,001 wilayani Ilemela. Sensa ya 2022 ikakuta 594,834 na 509,687. Katika miaka kumi, wilaya hizo mbili zinazobeba Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zimeongeza karibu watu laki nne. Familia nyingi changa zimejenga au kupanga pembezoni, kuelekea Buhongwa, Kishili, Igoma, Buswelu na Nyamhongolo, na ndiyo maana ajenda ya shule haikosekani kwenye mikutano ya mitaa huko.

Msingi ukishachimbwa, kila mtu huuliza shule itafunguliwa lini. Kuna swali linalotakiwa kutangulia: ni watoto wangapi, wa umri gani, na majina yao yatasomeka kwenye rejista ya shule ipi? Fedha, walimu, vyoo na madawati vyote hufuata jibu la swali hilo, na shule nyingi zinazoanza kwa shida zilikosea hapo.

Kuhesabu watoto

Mtaa ukiandika kwenye muhtasari kwamba una "watoto 800 wanaohitaji shule", namba hiyo haisaidii kupanga. Ndani yake wamo wa darasa la saba watakaomaliza kabla jengo halijaezekwa, wamo wanaosoma shule binafsi, na wamo wenye miezi sita. Hesabu inayofaa inapangwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Mtoto mwenye miaka 3 sasa ataingia awali baada ya miaka miwili, akiwa na miaka 5, kisha darasa la kwanza akiwa na 6. Mtendaji wa mtaa akishirikiana na wajumbe wa serikali ya mtaa apite nyumba kwa nyumba na kuandika mambo manne: mwaka wa kuzaliwa, shule anayosoma mtoto kama yupo shuleni, darasa lake, na kama ana ulemavu au hitaji maalumu. Halafu orodha ilinganishwe na kumbukumbu za kliniki ya watoto kwenye zahanati iliyo karibu. Tofauti kubwa kati ya orodha hizo mbili ina maana kuna nyumba zilizorukwa, na mara nyingi ni za wapangaji.

Kwenye mialo, yaani vituo vya wavuvi ufukweni, hesabu ya siku moja hudanganya. Kambi za dagaa hujaa na kupungua kwa kufuata giza la mwezi, na familia nyingine huhama kabisa kwenda visiwani. Hesabu mara mbili, katika majira tofauti, na upange kwa idadi iliyo kubwa.

Ukishapata idadi, igeuze kuwa vyumba. Chukua shule ya mikondo miwili. Kwa kiwango cha wanafunzi 45 kwa chumba, madarasa sita yenye mikondo miwili ni vyumba 12 na wanafunzi 540. Ongeza vyumba viwili vya awali vyenye watoto 25 kila kimoja, unapata 590. Ikiwa nusu ni wasichana, kiwango cha tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25 kinakudai matundu 15 ya wasichana na 12 ya wavulana. Hapo hujagusa vyoo vya walimu, chumba cha kujihifadhi kwa wasichana waliovunja ungo, wala tundu pana la mtoto anayetumia kiti cha magurudumu.

Kwa nini madarasa sita na si saba? Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta elimu ya msingi ya miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 wanamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao kundi la mwisho la darasa la saba linamaliza. Shule inayopangwa leo isijenge vyumba vya darasa la saba kwa mazoea. Fedha hizo ziende kwenye awali au kwenye vyoo.

Eneo

Kiwanja cha bure kina mvuto, lakini mara nyingi ni cha bure kwa sababu kina tatizo. Ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwaka 2020 na tena 2024 Ziwa Victoria lilipanda na kuingia kwenye nyumba na mashamba ya watu, kwa hiyo pimeni mita hizo kutoka mahali maji yalipofika wakati huo, si kutoka yalipo mwezi wa kiangazi. Watoto wanaosoma karibu na ziwa pia wanahitaji maji ya bomba au tangi la mvua shuleni. Wakikosa watachota na kuoga ziwani, na kichocho kitawafuata huko.

Vilimani shida ni mwamba. Shimo la choo linaweza kugonga jiwe likiwa na kina cha mita moja, na makadirio yaliyoandikwa mezani yakavurugika siku hiyo. Chimbeni mashimo ya majaribio kabla ya kuchora ramani ya majengo, mkianza na mahali vyoo vitakapokaa. Pasipochimbika, chaguo ni choo kilichoinuliwa juu ya ardhi chenye chumba cha kunyonywa na gari, au kuunganishwa na mfumo rahisi wa majitaka pale ambapo MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira Mwanza, imeufikisha.

Angalieni pia njia ya mtoto wa miaka 6. Shule ikiwa ng'ambo ya barabara kuu au ya korongo linalofurika, mahudhurio yataporomoka mwezi Machi hadi Mei, na wazazi watamrudisha mtoto shule ya zamani iliyojaa. Kanda ya Ziwa ina radi nyingi: Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa sekondari wakiwa shuleni wilayani Bukombe, mkoani Geita. Mtego wa radi uwekwe kwenye makadirio ya mwanzo kabisa, usisubiri fedha ya baadaye.

Na umiliki. Mzee akitoa shamba kwa neno la mdomo mkutanoni, warithi wake wanaweza kulidai madarasa yakiwa yameshasimama. Muhtasari wenye saini, fidia iliyolipwa kama ipo, upimaji, kisha hati kwa jina la halmashauri: vyote hivyo vikamilike kabla ya tripu ya kwanza ya mawe.

Nguvu za wananchi zikianza, kuna desturi ya kuinua vyumba sita hadi linta na kuiachia halmashauri upauaji. Ushauri wetu ni tofauti: maliza vyumba viwili pamoja na vyoo vyake. Boma lisiloezekwa likinyeshewa misimu miwili hupasuka kuta, na wakati huo wote hakuna mtoto hata mmoja aliyeingia darasani. Vyumba viwili vilivyokamilika vinaweza kupokea watoto Januari inayofuata.

Shule shikizi na shule mama

Hapa ndipo wazazi wengi huchanganyikiwa. Vyumba viwili hivyo mara nyingi havitakuwa shule kamili, bali shule shikizi iliyo chini ya shule mama, ikiwa na awali na madarasa ya chini. Mwaka 2021 Serikali ilijenga vyumba 3,000 vya vituo shikizi nchini kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, kwa hiyo utaratibu huu unajulikana. Unasaidia sana watoto wadogo wasitembee mbali, ila una gharama yake.

Wanafunzi wa shikizi wako kwenye rejista ya shule mama. Ruzuku ya uendeshaji, ambayo tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 imekokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 hupelekwa shuleni, inaingia akaunti ya shule mama. Watoto 120 wa shikizi ni shilingi 720,000 kwa mwaka. Mwalimu msimamizi wa shikizi na mwalimu mkuu wakikubaliana mapema, kwa maandishi mbele ya kamati ya shule, chaki na madaftari ya maandalio yatafika. Wasipokubaliana, shikizi itaendeshwa kwa kuombaomba. Walimu nao hawaji na jengo. Wa kwanza hutolewa shule mama, na shule mama hupungukiwa. Mzazi wa upande wowote ana haki ya kuuliza mgawanyo huo kwenye mkutano.

Kuitoa shikizi kuwa shule kamili kunahitaji usajili. Mkurugenzi wa halmashauri huomba, Wathibiti Ubora wa Shule hukagua vyumba, vyoo, samani, eneo na walimu, kisha Kamishna wa Elimu husajili. Maombi hukwama zaidi kwa vyoo pungufu na kwa eneo lisilo na nyaraka. Msingoje darasa la nne lifike ndipo muanze kufuatilia: upimaji wa darasa la nne unahitaji namba ya kituo kutoka Baraza la Mitihani, na bila hiyo watoto wataandikishwa na kufanya mtihani shule mama.

Uandikishaji

Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza kwa kawaida huanza Oktoba kwa ajili ya Januari. Mzazi anayekuja Oktoba anaipa halmashauri miezi mitatu ya kupanga madawati na walimu; wanaosubiri wiki ya kufungua shule ndio hufanya darasa la kwanza liwe na watoto mara mbili ya waliotarajiwa.

Njoo na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kama hakipo, leta kadi ya kliniki, na mtoto aandikishwe huku cheti kikifuatiliwa. Kukosa cheti si sababu ya kumfukuza. Aliye chini ya miaka mitano husajiliwa na kupewa cheti bila malipo kwenye ofisi ya kata au kituo cha kutolea huduma za afya, kwa hiyo fanya hivyo kabla hajafika umri wa awali. Hakuna mtihani wa kuingia wala ada. Sare na madaftari ni jukumu la mzazi. Michango ya chakula cha mchana hujadiliwa na wazazi kupitia kamati ya shule, na mtoto ambaye mzazi wake hajachangia harudishwi nyumbani. Mtoto mwenye ulemavu aandikishwe pamoja na wenzake, na mahitaji yake yaandikwe siku hiyohiyo ili chumba chake kiwe cha chini chenye njia ya mteremko, si juu ya ngazi.

Kumhamisha mtoto kutoka shule ya zamani si kumchukua mkono na kumpeleka mpya. Shule anayotoka lazima imhamishe kwenye PReM, mfumo wa kielektroniki wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, kwa namba yake ileile. Akihama kwa miguu tu, jina hubaki kule: ruzuku yake inakwenda kule, matokeo yake yanakosekana huku, na siku ya kusajili watahiniwa haonekani popote. Wa darasa la nne na la saba tunashauri wamalizie walipo, kwa sababu usajili wa watahiniwa hufanyika mapema katika mwaka wa mtihani na kurekebisha baadaye ni kazi ngumu. Wengine wahamishwe Desemba, shule zikiwa zimefungwa, kwa barua ya mzazi kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka. Jibu likichelewa, nenda kwa Afisa Elimu Kata ukiwa na nakala ya barua hiyo yenye mhuri wa kupokelewa.