Tabianchi ndogo: kwa nini mwembe unazaa Ruai na unagoma Karen

Ukiuliza kama mwembe unazaa Nairobi utapata majibu mawili, na yote ni ya kweli. Mtu wa Ruai atakuambia wake umeinamisha matawi kwa matunda. Mtu wa Karen atakuonyesha mti mzuri wa kivuli, majani tele, embe hakuna.

Kinachowatenganisha ni tabianchi ndogo, yaani hali ya joto, jua, upepo na unyevu ya mahali padogo, iwe ni bonde, ploti au hata kona moja ya ua, inapotofautiana na ile ya eneo zima. Redio ikitangaza hali ya hewa ya jiji, kipimo kimetoka kituoni. Mti wako uko hatua tatu kutoka ukuta wa jikoni.

Jambo kubwa kuliko yote ni mwinuko. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000. Sasa jiji letu linateremka kutoka magharibi kwenda mashariki: Karen inapita mita 1,800, Ruai iko karibu 1,500. Tofauti ni kama nyuzi mbili tu, lakini kwa mti uliozoea Pwani na Makueni, mbili hizo ni nyingi. Julai yetu mchana hauvuki sana nyuzi 22 na alfajiri hushuka hadi 11 au 12. Baridi hiyo haiui mwembe, na jijini hatupati jalidi, yaani umande ulioganda, kama watu wa Limuru. Tena baridi kidogo huuamsha utoe maua. Taabu huanza hapo: usiku wa baridi hudhoofisha chavua, ugonjwa wa kuvu uitwao ubwiri unga hupaka maua weupe, mvua nayo ikija huleta kuvu nyingine, chule, inayoyageuza meusi, na yote hupukutika.

Mwinuko hubadilishwi ila kwa kuhama. Ukuta, hata hivyo, unao. Saa mbili usiku weka kiganja kwenye ukuta wa mawe uliopigwa na jua la alasiri. Bado una vuguvugu, ilhali nyasi za katikati ya ua zimeshalowa umande. Mti uliopandwa mita mbili au tatu kutoka hapo huota moto huo usiku kucha, bure.

Lakini ukuta upi? Vitabu vya bustani vya Uingereza husema ule unaotazama kusini, na kwao ni sawa. Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta, kwa hiyo Juni hadi Agosti jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, kisha Desemba linahamia kusini. Anayetafuta joto la msimu wa baridi autazame ukuta unaoelekea kaskazini. Mimi ningechagua kaskazini-magharibi, maana asubuhi za Julai hapa hufunikwa na mawingu, na jua likijitokeza huwa ni alasiri.

Jambo la pili nilijifunza kwa hasara. Nilipanda mpapai kwenye kona ya chini kabisa ya ploti, kwa kuwa ndiko maji yanakoelekea. Kumbe na baridi huelekea hukohuko. Hewa baridi ni nzito. Usiku hutiririka mteremkoni kama maji na ikikuta ukuta hukwama, ikajikusanya. Mpapai ulizaa, sikatai, ila matunda yalining'inia miezi na miezi, na yalipoiva yalikuwa na ladha ya tango. Mche wa aina ileile, nilioupanda nyuma ya jikoni, ulinipa papai la kulika bila kuhitaji ndimu. Baadaye fundi alinitobolea matundu chini ya ule ukuta wa kona, baridi ipite iende zake bondeni. Majirani walidhani ni ya maji ya mvua, nami sikuwasahihisha.

Parachichi halihitaji ujanja huu, hali yetu ya hewa inalifaa kama ilivyo. Ndizi nayo huzaa, ila mkungu huchelewa kukomaa kuliko wa Pwani, kwa hiyo kona ya joto huisaidia. Mnazi tuuache. Utaota, utapendezesha geti, na nazi utaendelea kununua Marikiti.