Usiuvike ukuta nailoni

Mwaka jana, masika yalipokwisha, mama mmoja wa Tudor, Mombasa, alinishukisha ngazi tisa hadi chumba cha chini cha nyumba yake. Nyumba yenyewe iko kwenye ule mteremko unaoshuka majini: ukiwa barabarani waiona ya ghorofa moja, ukizunguka nyuma waikuta mbili. Chumba kilikuwa na jenereta bovu, magodoro na baiskeli za watoto ambao sasa wana watoto wao. “Fundi, mwanangu,” akaniambia, “nitilie wolpepa ile ya matofali, na taa za kung’aa, wajukuu wapate pa kukaa na wenzao.” Alishaninunulia na wolpepa yenyewe, karatasi ya kubandika ukutani, mizingo sita.

Nikamwambia, “Mama, nipe siku mbili. Nataka kuuliza ukuta kwanza.”

Vyumba hivi si vingi Mombasa. Sehemu za baridi za Marekani na Kanada msingi wa nyumba sharti uchimbwe chini kupita pale baridi inapogandisha udongo, kwa hivyo wakishachimba shimo lote lile huona heri walitie sakafu wapate chumba. Huku hakuna kinachoganda. Besimenti zetu zimeletwa na mteremko: majumba ya Mji wa Kale yanayoshuka kuelekea bandari ya zamani, nyumba za Tudor, chache za Kizingo, na sasa majumba mapya ya Nyali ambayo wenyewe wameona picha kwenye simu. Katika picha hizo neno kubwa ni joto: zulia zito, mbao ukuta mzima, moto unawaka pembeni. Joto sisi tunalo hata la kugawa. Anachotaka mtu wa Mombasa akisema chumba cha chini kimkaribishe ni chumba kikunjufu. Kiwe kikavu, kisinuke, na mwanga wake usiwe ule wa hospitali. Nao ukunjufu huo hauanzii kwenye rangi.

Basi nikachukua kipande cha nailoni, nusu mita kwa nusu mita, nikakibandika ukutani kwa gundi-tepu pande zote nne, nikenda zangu. Siku ya pili nikarudi. Matone yakiwa upande wa chumbani, juu ya nailoni, maji yanatoka kwenye hewa. Yakiwa nyuma yake, baina ya nailoni na ukuta, yanatoka ardhini. Ya mama yalikuwa nyuma, tena mengi.

Tofauti hii ndiyo kazi nzima, kwa sababu dawa zake haziingiliani. Tuanze na maji ya hewa. Ukuta ulioegemea udongo huwa wa baridi kuliko hewa ya hapa, na hewa yetu imebeba maji mwaka mzima. Ikigusa ukuta baridi huyatema, kama gilasi ya maji ya ukwaju iliyotoka frijini. Watu wakiona jasho hilo hufungua madirisha kutwa ili “hewa ipite”, tena mwezi wa Mei, mvua ikiwa inapiga nje. Hapo umeyaalika maji yenyewe. Afadhali feni ndogo ya kutoa hewa, au kama mna eesi, kile kitufe cha rimoti chenye alama ya tone la maji, ambacho nyumba nyingi hakijawahi kubonyezwa.

Maji ya ardhini ni mambo mengine, na kazi zangu nyingi za ukutani huanzia nje, nikiwa na jembe badala ya brashi. Bomba la paa linamwaga wapi? Uwanja umeinamia nyumba au umeipa mgongo? Tangi likijaa, maji yanafurikia upande gani? Ardhi nayo yatofautiana. Kisiwani na Nyali chini ni mwamba wa matumbawe, una matundu kama sifongo, maji hupita yakashuka. Changamwe na Miritini ni mwamba wa tabaka tabaka unaolegea ukawa udongo mzito, nao huyashika maji ukuta ukakaa umelowa wiki nzima baada ya mvua kukatika. Na kuna nyumba moja ya Mji wa Kale iliyonishinda miezi mitatu, hadi nikaanza kuandika tarehe kwenye daftari: alama ya unyevu ilikuwa ikipanda siku za bamvua, bahari inapojaa mno, na kushuka maji yakiwa mafu, inapojaa kidogo. Bahari ilikuwa ikiusukuma ukuta kwa chini. Hapo fundi wa rangi hana la kufanya ila kuchagua kitu kitakachostahimili.

Kwa mama wa Tudor kisa kilikuwa chepesi: bomba la paa limekatika na linamwaga palepale penye ukuta. Tukalirefusha mita nne.

Ukuta ulioingia maji haukauki kwa wiki. Mafundi wa zamani huhesabu mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, na ukuta wa mawe wa inchi kumi na nane ni mwaka na nusu. Hakuna mwenye nyumba atakayesubiri hivyo, wala sikumwambia mama asubiri. Lakini ukijua kwamba maji bado yamo ndani na yatakuwa yakitoka kwa mwaka mzima, utaelewa kwa nini sikuitia ile wolpepa.

Niliwahi kuitia. Kazi yangu ya tatu au ya nne, chumba cha chini Nyali, ukuta umepakwa plasta ya simiti, mkavu kwa macho. Nikagongelea mbao za jipsamu moja kwa moja, juu yake wolpepa ya plastiki yenye maua. Picha zake zilinipatia wateja wengine wawili. Masika yaliyofuata mwenye nyumba akanipigia, wala hakugombana, alisema tu, “Njoo uone.” Nilipobonyeza jipsamu kidole kiliingia. Nyuma ya wolpepa ukungu ulikuwa mweusi, umenawiri kuliko maua yake. Nikamrudishia pesa zake kwa mafungu manne.

Ukuta wa chini ni mtu anayetoka jasho. Ukimvika nailoni haachi kutoka jasho, anaoza ndani ya nguo. Wolpepa ya plastiki, rangi ya mafuta, rangi ya plastiki inayong’aa, vigae hadi darini, zote ni nailoni. Hata dawa za kuzuia maji zinazopakwa upande wa ndani, mara nyingi huyahamisha tu, yakapanda juu zaidi au yakatokea ukuta wa jirani. Mahali pake hasa ni upande wa nje, penye udongo, siku nyumba inajengwa.

Nguo ya pamba ya ukuta huo ni chokaa. Nyumba za mawe za pwani hii zimejengwa kwa matumbawe na chokaa. Hata Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ni hayo hayo. Chokaa hupitisha mvuke. Hukauka kwa kuvuta hewa ikarudi kuwa jiwe, na kwa ukali wake ukungu haupati pa kushika. Simiti ni ngumu zaidi, na ugumu huo ndio ubaya wake juu ya ukuta wa zamani: hufunga maji ndani, kisha hubanduka vipande vipande na kuondoka na uso wa jiwe.

Tulibandua plasta yote hadi nusu mita juu ya alama ya maji. Mawe yakaonekana, na juu yake ule unga mweupe ambao wengi huuita ukungu. Ni chumvi. Kuna inayotoka ardhini, na kuna iliyoletwa na aliyejenga, akachota mchanga wa bahari kwa sababu uko karibu na ni wa bure. Chumvi huvuta maji kutoka hewani, ndipo utaona ukuta una mabaka ya unyevu hata Januari jua kali. Usiuoshe kwa maji, utayeyuka urudi ndani. Ufagie kwa brashi kavu, uuzoe, uutupe mbali, kisha urudie wiki inayofuata. Ukungu wenyewe, ule mweusi wenye harufu, ufute kwa siki. Na tafadhali usichanganye siki na dawa ya kung’arisha nguo, hewa inayotoka hapo ni sumu.

Tukiwa kwenye harufu: nikiingia nyumba saa nne asubuhi nikakuta udi unafuka chumba cha chini, najua kuna ukuta ninaofichwa.

Plasta tuliipiga chokaa fungu moja, mchanga wa mto fungu tatu, tabaka mbili, kila moja chini ya sentimita moja, ikinyunyiziwa maji siku kadhaa isipasuke. Chokaa ya mfuko niliiloweka wiki moja kabla. Juu yake tukapaka mikono mitano ya maji ya chokaa mepesi kama maziwa, juu ya ukuta uliolowanishwa kidogo. Mkono wa kwanza huoni kitu, wa pili unajuta, wa tatu ndipo ukuta unapoanza kuamka. Vaa miwani na glavu. Chokaa ikikuingia jicho ni safari ya hospitali.

Rangi ikaja sasa. Kila mtu anataka nyeupe kwa sababu chumba kina giza. Lakini nyeupe haina mwanga wake, hurudisha ulioupata, na chumbani mwenye kidirisha kimoja cha juu hurudisha kidogo, ikageuka rangi ya jivu. Nikachukua oksaidi ya manjano na chembe ya nyekundu, ile ile ya sakafu za bibi zetu, nikatia kwenye maji ya chokaa hadi ikawa rangi ya samli. Ikiwa ndoo moja haitoshi ukuta mzima, changanya zote pamoja kabla ya kuanza, maana ya pili haitafanana na ya kwanza hata ungepima kwa mizani ya dhahabu. Dari tuliitia rangi hiyo hiyo, na hatukuweka mstari wowote katikati ya ukuta. Dari ya chini ukiikata kwa mstari huzidi kushuka.

Taa zilinigombanisha na mjukuu mkubwa. Madukani balbu nyingi ni zile nyeupe za 6500 kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, na watu wanaziona zina nguvu. Juu ya ukuta wa samli huufanya uso wa mtu ufanane na maiti. Nilimtafutia za 2700, zenye mwanga wa manjano, tukaziweka tatu dhaifu badala ya moja kali: moja sakafuni kwenye kona ikitazama juu, mbili zikiuangazia ukuta kutoka pembeni. Ukuta wa chokaa haujanyooka kama kioo, una mawimbi ya mkono wa fundi, na mwanga wa pembeni huyachora mawimbi hayo. Mjukuu akazima ile kali ya darini mwenyewe, wala sikusema neno.

Mama alitaka vidaka, au zidaka kama wasemavyo Waamu, vile vishubaka vya plasta vilivyojaa kwenye nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18. Nia nzuri, ukuta mbaya. Ukuta unaozuia udongo hauchimbwi, hata tundu la kitabu, bila mhandisi kuutazama. Kwa hivyo upande mmoja tulijenga ukuta wa pili mwembamba, sentimita tano mbele ya ule wa kwanza, tukaacha matundu ya hewa chini na juu, na vidaka vitano tukavitoa katika huo. Kimoja kina birika la kahawa, kimoja taa, kimoja paka amekifanya chake.

Vya kutundika havikosekani Mombasa, ila vyote vipewe nafasi. Mkeka wa ukindu ukiubandika kwenye ukuta wa chini, mwezi mmoja tu una madoa ya kijani. Uweke kwenye fremu, nyuma yake vijiti vya sentimita mbili, hewa ipite. Leso za zamani vilevile: tulizitundika nne kwenye ufito, zikining’inia bila kugusa, na kila Ijumaa mama huzitoa akazianika. Kabati na makochi yakae kiganja kimoja mbali na ukuta. Nyuma ya kochi lililoegemea ndipo ukungu unapoanzia kila mara. Kioo nilikiweka mkabala na kidirisha. Vijana walikitaka mkabala na runinga; walishindwa kwa kura ya bibi.

Ile mizingo sita ya wolpepa imefunika madaftari ya shule.

Masika ya mwaka huu simu ikalia. “Fundi, ukuta umeota unga, kona ya kushoto, upana wa kiganja.” Nikamwuliza kama lile bomba tulilolirefusha linapitisha maji. Akamtuma mtu atazame: majani ya mwembe yalikuwa yameliziba, maji yanamwagika njiani. Wakalisafisha, wakalifunga. Nilikuwa nimemwachia ndoo ya chokaa iliyobaki, juu yake maji vidole vinne, maana ikifunikwa maji hukaa miaka bila kuharibika. Akasubiri wiki mbili, akafagia unga kwa brashi kavu, akakoroga, akapaka mikono miwili mwenyewe. Anasema doa laonekana kidogo jua likiingia saa kumi, na kwamba amelihamishia mto wa kuegemea.