Maombi ya uzamili na uzamivu katika hisabati na fizikia ya nadharia: yanayosemwa na yalivyo

Kila ifikapo Oktoba huletewa rasimu za maombi nizipitie. Wanaozileta ni vijana wasiokubali theoremu yoyote bila uthibitisho, lakini kuhusu namna ya kuomba nafasi ya masomo wameamini kila walichosikia kwa waliowatangulia, ambao nao walikisikia kwa wengine. Haya ndiyo ninayokutana nayo mara kwa mara. Naanza na lile linalowakosesha watu nafasi bila wao kujua.

"Huwezi kuomba uzamivu mpaka uwe na uzamili"

Ulaya, kwa kiasi kikubwa, ni kweli. Marekani si kweli. Vyuo vikuu vya huko huchukua watu wa uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza: miaka ya mwanzo ni ya madarasa na mitihani ya kufuzu, kisha utafiti unashika kasi, na safari nzima huchukua miaka 5 au 6. Mwenye shahada ya kwanza nzuri anayejiambia "ngoja kwanza nitafute uzamili" anaweza kumaliza miaka miwili na fedha nyingi akitafuta kitu ambacho hakuna aliyemdai.

Uingereza uzamivu ni miaka 3 hadi 4 na utafiti unaanza karibu mara moja, kwa hiyo wanataka uwe umeshapitia mwaka mgumu wa masomo ya juu. Mwaka huo ndio kazi ya programu kama Part III ya Cambridge: miezi 9, makumi ya kozi za kuchagua, na mitihani inayokusubiri mwishoni. Ujerumani nako uzamili ndiyo ngazi ya kawaida, na anayefanya uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa wa chuo mwenye mkataba na mshahara.

"Fizikia ya nadharia iko idara ya fizikia, basi"

Cambridge, watu wa mashimo meusi, kosmolojia na nadharia ya nyuzi wako katika Idara ya Hisabati Tumizi na Fizikia ya Nadharia, iliyo ndani ya kitivo cha hisabati. Humo ndimo alimofanyia kazi Stephen Hawking, yule mwanafizikia maarufu wa mashimo meusi. Durham na King's College London pia wana watu wa fizikia ya nadharia ndani ya idara zao za hisabati. Marekani kwa kawaida ni kinyume chake: ukitaka nadharia ya uga wa kwanta unaomba fizikia, na maombi yako yanasomwa pamoja na ya wale watakaoshinda maabara.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, pitia majina ya walimu wa idara, mmoja baada ya mwingine, uone wameandika nini miaka mitatu iliyopita. Makala zao ziko wazi kwenye arXiv, tovuti ambako watafiti huweka makala zao, hazina malipo. Nimeona maombi mazuri kabisa yakipelekwa kwenye idara isiyo na mtu hata mmoja anayegusa alichotaka kusoma yule mwombaji. Akakataliwa, akadhani tatizo ni alama zake.

"Kama nyumbani hakuna hela, sahau"

Uzamivu wa Marekani katika fani hizi kwa kawaida haulipiwi ada na mwanafunzi. Idara inalipa ada na kumpa posho, naye anaendesha madarasa ya mazoezi na kusahihisha karatasi. Watu wa nadharia hufundisha zaidi kuliko wenzao wa maabara, kwa sababu maprofesa wao huwa na fedha ndogo za utafiti. Inachosha, ila inalipa kodi ya nyumba.

Penye mwiba ni uzamili. Programu za mwaka mmoja za Cambridge, Oxford na Imperial zina ada kubwa kwa wageni, na ufadhili unawafikia wachache. Lakini zipo njia ambazo watu wanazipita bila kuziona. Kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, kilichoko Trieste, Italia, kilianzishwa na Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili hasa ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Kina stashahada ya mwaka mmoja ya baada ya shahada ya kwanza, ikiwemo ya hisabati na ya fizikia ya nishati kubwa. Hawatozi ada, na wanakupa fedha ya kujikimu. Perimeter Institute, taasisi ya utafiti ya Waterloo, Kanada, ina uzamili wa miezi 10 katika fizikia ya nadharia wenye ufadhili kamili. Mtandao wa AIMS, yaani taasisi za Afrika za sayansi za hisabati, ulioanzishwa na Neil Turok mwaka 2003 kule Cape Town, una vituo katika nchi kadhaa za Afrika vinavyotoa uzamili wa sayansi za hisabati kwa ufadhili. Vyuo vya umma vya Ujerumani kwa sehemu kubwa havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg lilianza mwaka 2017 kuwatoza euro 1,500 kwa muhula wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Soma masharti ya jimbo na ya chuo, usitegemee ulichosikia.

Na ada ya kutuma maombi? Vyuo vingi huisamehe kwa anayeomba mapema na kueleza hali yake. Omba kabla ya kulipa, maana ukishalipa hairudi.

"Wastani wa alama ndio unaoamua kila kitu"

Wanaosoma faili lako ni wanahisabati na wanafizikia wenyewe. Wakifungua transkripti, yaani orodha ya masomo yako na alama zake, wanatafuta masomo machache. Kwa hisabati ni uchanganuzi halisi, aljebra dhahania na topolojia. Kwa fizikia ni mekanika ya kwanta, sumaku-umeme na mekanika takwimu. Anayejitosa kwenye somo gumu la mwaka wa juu na kutoka na B mara nyingi huvutia macho kuliko aliyejaza A za masomo mepesi. Kama kuna muhula ulioanguka kwa ugonjwa au msiba, sentensi moja inatosha. Aya tatu za kujitetea humfanya msomaji arudi kuutazama muhula ule kwa makini zaidi.

Hapa huwa kuna mtu wa kunikumbusha kwamba Edward Witten, mwanafizikia mkubwa wa nadharia, alisoma historia kwenye shahada ya kwanza. Ni kweli, Chuo Kikuu cha Brandeis, 1971. Akapata uzamivu wa fizikia Princeton mwaka 1976, na mwaka 1990 akawa mwanafizikia wa kwanza kupewa Nishani ya Fields, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za hisabati. Ni mfano wa kweli, na haukusaidii kitu.

"Waonyeshe unavyolipenda somo"

Hili ndilo linaloharibu rasimu nyingi kuliko yote. Karibu kila maelezo binafsi ninayoletewa yanaanza hivi:

"Tangu utotoni nimevutiwa na siri za ulimwengu. Nilipotazama nyota nilijiuliza maswali mengi, na fizikia ya nadharia ndiyo lugha ya kuyajibu."

Sina shaka ni kweli. Lakini aliyeandika maombi yaliyo juu ya hayo na yaliyo chini yake naye alitazama nyota. Msomaji amechoka, ana mafaili mengi mezani, na swali lake ni moja: mtu huyu akikwama, anafanya nini? Sasa soma hii, niliyoitunga kuonyesha ninachotaka kuona:

"Katika mradi wa mwaka wa mwisho nilikokotoa nishati ya chini kabisa ya chembe inayotetemeka kama kwenye springi, ikiongezwa neno dogo la x⁴. Masahihisho matatu ya kwanza yalitoka na vizidishi 3/4, 21/8 na 333/16, ukiacha alama za kujumlisha na kutoa. Kadiri vilivyokua ndivyo nilivyozidi kushuku hesabu zangu. Kumbe zilikuwa sahihi. Mfululizo wenyewe ndio usiotulia popote, hata nyongeza ile iwe ndogo kiasi gani. Muhula uliofuata niliutumia kujifunza jinsi mfululizo wa namna hiyo unavyoweza bado kutoa jibu la maana."

Hamna neno "napenda" hata moja. Hamna ugunduzi pia, maana jambo hilo linajulikana kwa miongo mingi. Ila msomaji ameona mtu aliyekokotoa kwa mkono wake, akashtuka, akakagua, akaendelea kuchimba. Kwa upande wa hisabati inaweza kuwa theoremu uliyojaribu kuondoa sharti lake moja, ukapata mfano unaoivunja, ukaelewa kwa nini sharti lile liliwekwa. Ukubwa wa jambo si hoja. Sema ulichofanya, ulipokwama, na swali ulilobaki nalo. Kisha taja walimu wawili au watatu wa idara ile ambao kazi zao zinagusa swali hilo, na useme zinaligusa wapi. Kubandika majina tu kila mtu anajua kubandika.

"Barua ya mapendekezo iandikwe na mtu mkubwa"

Mkuu wa kitivo asiyekujua ataandika: "Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu, alipata A katika somo langu." Barua ya namna hiyo haina ubaya wowote, na ndilo tatizo lake, kwa sababu alama iko tayari kwenye transkripti na msomaji hajaongezewa kitu. Mhadhiri kijana aliyekusimamia mradi anaweza kuandika: "Nilimpa lema ya kuthibitisha kwa wiki mbili. Alirudi siku ya nne na uthibitisho mfupi kuliko wangu, kisha akauliza kama sharti la pili lilikuwa la lazima. Halikuwa." Sentensi hizo tatu zinaweza kubeba faili zima. (Lema ni kauli ndogo inayothibitishwa ili isaidie kuthibitisha kubwa zaidi.)

Marekani kwa kawaida wanataka barua tatu. Sehemu nyingine ni mbili au tatu. Mwombe mwandishi angalau mwezi mmoja kabla, na mpe transkripti, rasimu ya maelezo yako, orodha ya vyuo na tarehe za mwisho. Mkumbushe pia ulichofanya naye, hata kama kwako ni jambo la juzi, kwani yeye tangu hapo amefundisha madarasa kadhaa. Muulize wazi kama anaweza kukuandikia barua *nzuri*. Akisita, mshukuru na utafute mwingine. Kusita kwake ni msaada mkubwa aliokupa.

"Bila makala iliyochapishwa huna lako"

Katika hisabati tupu ni wachache sana wanaomaliza shahada ya kwanza wakiwa na makala, na kamati inalijua hilo. Makala iliyolipiwa kwenye jarida lisilokagua chochote inaharibu. Na kama una uthibitisho wa kurasa sita wa dhana ya Riemann, swali maarufu ambalo wanahisabati hawajalitatua tangu karne ya kumi na tisa, nakuomba, uuache nyumbani.

"Mwandikie profesa kwanza, yeye ndiye anayechagua"

Inategemea tena. Uingereza na Ujerumani msimamizi ana sauti, na barua pepe fupi inayotaja kazi yake kwa uelewa inaweza kufungua mlango. Katika idara za hisabati za Marekani kamati ndiyo inayoamua, na maprofesa wengi hawajibu kabisa. Usilie. Kuhusu GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu Marekani, idara nyingi ziliufuta au kuufanya wa hiari kuanzia mwaka 2020, lakini si zote. Matokeo ya TOEFL na IELTS, mitihani ya Kiingereza, yana maisha ya miaka miwili, kwa hiyo usiyafanye mapema mno.

"Ukikataliwa, maana yake huna uwezo"

Mwanahisabati June Huh alisoma fizikia na astronomia Seoul, Korea Kusini, na masomo yake hayakwenda vizuri. Karibu na mwisho akaanza kusoma na Heisuke Hironaka, mshindi wa Nishani ya Fields ya mwaka 1970, aliyekuja kumwandikia barua ya sifa. Hata kwa barua hiyo, vyuo vya Marekani alivyoomba, vipatavyo kumi na viwili, vilimkataa vyote isipokuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Illinois, alikoanza mwaka 2009. Hukohuko, akiwa bado mwanafunzi mpya, alithibitisha dhana ya Read, kauli ya hisabati iliyokuwa imekaa bila uthibitisho tangu 1968. Mwaka 2022 naye akapewa Nishani ya Fields.

Wale waliomkataa hawakuwa wajinga. Waliona transkripti yenye hisabati kidogo, na barua moja, hata ya mtu mkubwa kiasi gani, haikuziba pengo hilo. Kamati inaamua kwa karatasi ilizo nazo na nafasi ilizo nazo. Mwaka ambao mtu wa fani yako amestaafu, au fedha zimepungua, faili lilelile linaloingia mwaka huu lisingeingia.

"Ukipata nafasi, jibu siku hiyohiyo wasije wakabadili mawazo"

Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba anayepewa nafasi yenye ufadhili ana hadi tarehe 15 Aprili kuamua. Anayekusukuma ujibu kabla ya hapo, muulize kwa adabu kama chuo chake kimo kwenye makubaliano hayo. Tumia muda huo kuzungumza na wanafunzi walioko kule: msimamizi huyu hukutana nao mara ngapi, wanamaliza kwa miaka mingapi, wanaomaliza wanaenda wapi, posho inatosha au haitoshi.

Lakini kama umepata nafasi nne na mbili unajua hutakwenda, zikatae leo. Orodha za kungojea husogea katikati ya Aprili, pale walioshikilia nafasi wanapoziachia, na kuna mtu aliyelala na simu mkononi akiingojea moja ya hizo mbili zako.